Blanketi la Bomba

Ilikuwa mwaka 1998, katika miezi ya kipupwe, wakati ambapo nguo hukaa kambani siku tatu na bado zikikamuliwa hutoa maji. Katika nyumba za wafanyakazi wa kituo cha kusukumia mafuta, watoto wote walikwenda shule na sare zenye unyevunyevu, isipokuwa msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu. Sare yake ilikuwa kavu kila uchao, tena yenye joto kama mkate uliotoka jikoni.

Msichana huyo aliitwa Cheche. Jina hilo alipewa na mlinzi wa kituo. Langoni palikuwa na kibao chenye maandishi mekundu: MOTO MARUFUKU, SIGARA MARUFUKU, CHECHE MARUFUKU. Kwa kuwa msichana alikuwa mwepesi wa hasira kuliko kiberiti, kila alipompelekea mama yake chakula, mlinzi alimnyooshea kibao kidole na kumwambia, "Simama hapo hapo, mjukuu wangu. Wewe umeandikwa."

Mama yake alikuwa msoma vipimo. Kila nusu saa alikitazama kipimajoto kilichofungwa mahali ambapo mafuta hutoka tanurini na kuingia bombani, kisha akaiandika namba kitabuni kwa kalamu yake ya buluu, ambayo kifuniko chake kilikuwa na alama za meno. Mafuta yale hayakuwa mepesi kama mafuta ya taa. Yalikuwa mafuta ghafi mazito, meusi, yaliyotoka ardhini pamoja na nta yake. Yakipashwa moto hadi nyuzi sitini hivi, yalitiririka vizuri. Yakiachwa yapoe, yaligoma kwenda, na hatimaye yaliganda kama mshumaa. Ndiyo maana yalitiwa moto kituoni, kisha yakasafirishwa kilomita arobaini hadi kituo cha pili katika bomba lililozungushiwa sufi ya kioo, nyuzi laini zinazozuia joto lisitoke, na kufunikwa kwa mabati yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Vazi hilo wafanyakazi waliliita blanketi la bomba.

Nyuma ya nyumba za wafanyakazi, bomba hilo lilipita bondeni juu ya nguzo fupi, likiwa limefichwa na matete. Mwanzoni mwa kipupwe, Cheche alikuwa ameufungua mkanda mmoja kwa koleo, akaling'oa bati, akaivuta sufi iliyomwasha mikono, kisha akaitandaza sare yake juu ya chuma chenye moto. Sare ilikauka kabla hajamaliza kuhesabu hadi mia tano. Bati lenyewe alilibeba nyumbani akaliezekea banda la sungura wake. Mama yake alipomuuliza sare imekaukia wapi, alijibu bila kupepesa macho, "Kwa kina Mapengo, Mama. Wana jiko la mkaa."

Mapengo alikuwa jirani na mwanafunzi mwenzake. Hakuwa na jiko la mkaa wala hakuwa na kifua cha kuweka siri.

Siku ya Jumanne, umeme ulikatika saa mbili asubuhi, ukarudi saa saba mchana. Kukatika kwa umeme hakukuwa jambo geni. Pampu zilisimama, mafuta yakasimama bombani, na hakuna aliyebabaika, maana ndani ya blanketi lake bomba liliweza kutunza joto kutwa kucha. Lakini saa saba, pampu zilipowashwa, mshale wa kipimo cha mgandamizo ulipanda hadi penye rangi nyekundu ukakaa hapo hapo ukitetemeka. Pampu zilinguruma, zikalia, zikazimwa. Katika kituo cha pili halikufika hata tone moja. Bomba lilikuwa limeziba.

Asubuhi ya Jumatano, Cheche alipopita langoni akielekea shuleni, alikuta wafanyakazi wote wamekusanyika. Msimamizi wa kituo, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi hata kwenye mikono, alikuwa amesimama juu ya kreti la mbao. Mbele yake alisimama mama yake Cheche.

"Mafuta yametoka hapa yakiwa baridi!" alinguruma msimamizi. "Ndiyo maana yameganda njiani. Sasa sikilizeni maajabu. Huyu mama amelala kazini, tanuri limepoa, yeye kaamka akaandika sitini na mbili, sitini na mbili, sitini na mbili, kama mtoto anayeandika adhabu!"

Watu wachache walicheka. Wengine waliangalia viatu vyao.

"Bwana msimamizi, naomba unisikilize," alisema mama. "Kipimo nimekisoma kwa macho yangu."

"Yakiwa wazi au yamefumba?"

Kicheko kikaongezeka. Msimamizi alinyoosha mkono akadai ufunguo wa chumba cha vipimo, akapewa. Akadai kitabu, akapewa. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, aliinama akaichomoa kalamu ya buluu katika mfuko wa kifuani wa yule mama, akaichomeka katika mfuko wa shati lake mwenyewe.

"Hata kalamu usibaki nayo," alisema. "Usije ukatuandikia uongo mwingine. Na ikifika Jumatatu, nyumba ya kampuni iwe wazi."

Damu ilimpanda Cheche kichwani. Alijipenyeza kati ya watu wazima akipiga kelele, "Muongo! Mama yangu halali kazini! Muongo wewe!"

Mlinzi alimdaka begani. "Tulia, mjukuu wangu, utatulipua sote."

Mama yake aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu. "Nenda shule."

"Lakini, Mama, huyu mtu..."

"Nimesema shule. Na ufunge hizo kamba za viatu."

Shuleni habari zilikuwa zimemtangulia. Wakati wa mapumziko, wavulana wa darasa la juu walimfuata nyuma wakiimba, "Sitini na mbili! Sitini na mbili!" Mwalimu alipomwomba asome ubaoni, alisoma kwa sauti ya kugomba, kana kwamba ubao nao ulimtukana mama yake. Kutwa nzima alikuwa akitunga maneno ambayo angemwambia yule mwenye shati jeupe. Mtu anamvunjia heshima mwenziwe mbele ya kadamnasi, bila kuuliza, bila kuchunguza, na watu wanacheka! Dhuluma gani hiyo?

Jioni alimkuta mama yake akisugua sufuria. Mafuta ya kupikia ya mchana yalikuwa yameganda humo, meupe, mazito.

"Mama, utakwenda kushtaki wapi?"

"Ijumaa anakuja mhandisi kutoka makao makuu. Nitamweleza."

"Umweleze kwamba yule ni shetani!"

"Nitamweleza kwamba niliandika sitini na mbili kwa sababu ilikuwa sitini na mbili." Mama aliiweka sufuria juu ya jiko, akawasha moto mdogo. "Njoo utazame. Matusi hayatazibua bomba."

Mafuta yalianza kulegea pembeni, kisha yakateleza, kisha yakawa maji maji. Mama alichota vijiko viwili. Kimoja alikimimina katika kikombe alichokizungushia taulo. Cha pili alikimimina katika kikombe kitupu, akakiweka dirishani penye upepo. Walisubiri. Alipoviinamisha kidogo vikombe vyote viwili, mafuta ya kwanza yalikimbia ukingoni. Ya pili hayakujongea.

"Umeona? Mafuta ni yale yale, moto ni ule ule. Hiki kimevaa, hiki kimekaa uchi. Ule ukaidi wa kimiminika kukataa kutiririka unaitwa mnato. Mafuta mazito yakipoa, mnato wake huongezeka, na yakisimama yakiwa baridi, pampu itasukuma mpaka ipasuke. Yangu yaliondoka hapa yakiwa ya moto, naapa. Yamepotezea joto njiani. Ila sijui ni wapi, mwanangu, kwa sababu bomba lina blanketi toka mwanzo mpaka mwisho."

Maneno ya hasira yaliyokuwa yamejaa kinywani mwa Cheche yalimkauka. Alikitazama kile kikombe cha dirishani. Alihisi mikono inamwasha, kama siku ile aliposhika sufi.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza mama yake. "Wewe kunyamaza si kawaida yako."

"Nimechoka tu," alijibu, na huo ukawa uongo wa pili.

Alhamisi, baada ya masomo, alimvuta Mapengo hadi bondeni. Tangu mwanzo wa kipupwe Cheche alikuwa akitumia kona yake tu, penye matete mengi, akija na kuondoka mbio. Siku hiyo aliyapenya matete yote, na alichokiona kilimfanya ashike kiuno. Bati moja alilolitoa yeye lilikuwa limefuatwa na la pili, la tatu, na mengine mengi. Bomba lilikuwa uchi kwa hatua mia moja na ishirini. Alizihesabu mwenyewe. Juu ya chuma hicho, ambacho sasa kilikuwa kimepoa, bado zilianikwa soksi, taulo, nepi, suruali za kazi, na mwisho kabisa, yakiwa yamenyooshwa kwa adabu, mashuka mawili meupe na mashati matano meupe yenye mikono mirefu.

"Nani kawaonyesha watu wote hawa?" aliuliza Cheche.

Mapengo alikuna kichwa. "Mimi nilimwambia dada tu. Dada akamwambia shangazi. Sasa shangazi, unamjua, yule ni redio."

"Na haya mashati?"

"Ya msimamizi. Mkewe anakuja kila Jumatatu na Alhamisi." Ghafla Mapengo alicheka mpaka pengo lake lote likaonekana. "Ee! Tumempata! Kesho sema mke wa msimamizi ndiye aliyeanza. Nani atajua?"

Cheche aliyatazama yale mashati. Hasira ilimrudia, tamu, kali, na safari hii ilikuwa na mahali pa kwenda. Mtu yule aliyemchomolea mama yake kalamu alikuwa akivaa joto lililoibwa bombani! Alikwisha kulivuta shati moja ili akalipeperushe langoni kama bendera. Kisha macho yake yakaangukia mkanda wa chuma uliolala chini, wenye kutu, ambao aliufungua yeye kwa koleo la marehemu babu yake.

"Mimi nitajua," alisema.

"Utajua nini?"

"Nani aliyeanza." Alilirudisha shati mahali pake. "Nenda nyumbani, Mapengo. Na usimwambie dada."

Mama yake alikuwa akipanga vyombo ndani ya kasha, tayari kwa kuhama. Cheche alisimama mlangoni akayasema yote kwa pumzi moja: bati, sufi, sare, banda la sungura, jiko la mkaa ambalo halikuwepo.  Mama alikiweka chini kikombe alichokishika, polepole.

"Kwa hiyo kwa kina Mapengo hakuna jiko la mkaa."

"Hakuna, Mama."

"Nikakusifu kwa majirani. Nikasema, binti yangu anajitegemea." Alilisukuma kasha kando. "Jana nimesimama langoni naitwa muongo mbele ya watu niliofanya nao kazi miaka kumi na moja. Nimerudi nyumbani kichwa juu, kwa kuwa nilijua uongo haumo humu ndani. Kumbe muongo ninakula naye meza moja!"

Kofi lingeuma kidogo kuliko maneno hayo. Cheche alilia. Mama yake alimwacha alie mpaka akaishiwa.

"Mama, utamwambia mhandisi?"

"Mimi? La. Bati hukulitoa kwa mikono yangu. Hutalirudisha kwa mdomo wangu. Kesho utasema mwenyewe."

Ijumaa asubuhi lango lilikuwa limejaa tena. Mhandisi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye buti zenye matope makavu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Msimamizi alikuwa tayari juu ya kreti lake, akieleza kwa mara ya tatu jinsi mafuta yalivyotoka yakiwa baridi, wakati Cheche alipotokea akiwa amelibeba bati kichwani. Sungura walikuwa wamelichafua upande mmoja.

"Shikamoo, mama mhandisi," alisema. "Bati hili ni la bomba. Nililing'oa mimi kule bondeni ili nikaushe sare. Wengine waliniiga. Sasa bomba liko uchi hatua mia moja na ishirini. Mama yangu hakujua. Nilimdanganya yeye pia."

 Wafanyakazi waliokuwa na soksi kule bondeni waligundua kwamba mawingu siku hiyo yalikuwa na mengi ya kutazamwa.

Msimamizi alicheka. "Mnaona? Katumwa na mama yake. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Sikutumwa!" Cheche alifoka, kisha akajizuia. "Twendeni mkaone. Na mashati yako utayakuta huko huko."

Hapo hakuna aliyeweza kuuzuia umati. Waliteremka bondeni wote. Mhandisi alitembea kando ya bomba akiligusa kwa kiganja, hatua kwa hatua. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Aliligonga kwa funguo zake. Mlio ukatoka mzito, wa kitu kilichojaa. Alipofika kwenye mashati meupe alisimama.

"Msimamizi," alisema bila kupandisha sauti, "ni kazi ya nani kulikagua bomba hili kwa miguu kila Jumatatu?"

"Ni... ni yangu, mama."

"Lete kitabu cha ukaguzi."

Kililetwa. Mhandisi aliinua miwani yake, akasoma kwa sauti. "Jumatatu, nimetembea njia yote, shwari. Jumatatu iliyofuata, nimetembea njia yote, shwari. Na iliyofuata, shwari. Wiki sita za shwari." Alikifunga kitabu. "Ulitembea kwa miguu gani, bwana? Ya mkeo?"

Hata waliomcheka mama Jumatano walicheka, tena kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo halikuwapa sifa yoyote. 

"Huyu alisoma kipimo akaandika alichokiona," aliendelea mhandisi, akimwonyesha mama yake Cheche. "Wewe uliandika usichokiona, kisha ukamwita yeye muongo. Huoni haya?"

Kazi ilichukua siku nne. Nguo zilianuliwa kimyakimya. Mafundi waliizungushia ile sehemu baridi mipira ya kupitishia mvuke, wakalipasha bomba kidogo kidogo, kisha wakasukuma mafuta mepesi nyuma ya yale mazito ili yayasukume mbele. Wakazi wote wa nyumba zile, wakubwa kwa wadogo, waliamriwa kuirudisha sufi na mabati kwa mikono yao, na Cheche aliwekwa mwanzo wa mstari. Alijikuna hadi shingoni. Bati la sungura lilioshwa, likafungwa kwa mkanda mpya mahali pake pa zamani. Siku ya tatu mshale wa mgandamizo ulishuka, na kutoka kituo cha pili simu ikalia: mafuta yamefika.

Siku ya nne jioni, msimamizi alikuja nyumbani kwao akagonga mlango kwa kidole kimoja. Alikuwa ameshushwa cheo. Tangu siku hiyo kazi yake ingekuwa kulikagua bomba kwa miguu, kila siku.

"Mama Cheche," alisema, akitazama kizingiti, "nimekuja tuyamalize. Mambo ya kazini hutokea. Samahani. Tusameheane hapa hapa, kimya kimya, kama watu wazima."

Mama alimpa kiti, akampa na maji ya kunywa. Kisha alisema, "Bwana, ulinivua mbele ya watu. Utanivika mbele ya watu. Msamaha wa mlangoni siupokei."

Mtu huyo alipoondoka, Cheche alipiga makofi. "Umemkomoa, Mama!"

"Nyamaza. Sikumkomoa, na wewe huna haki ya kushangilia." Mama alimketisha mbele yake. "Nisikilize, kwa maana sitarudia. Yule bwana hakuamka siku moja akawa dhalimu. Alianza na shwari moja aliyoiandika bila kutembea. Wewe ulianza na bati moja. Kila mmoja alidhani lake ni dogo, na bomba lenye nguvu kiasi kile likafa kwa ajili ya madogo hayo. Ukiona dhuluma, kasirika. Hasira hiyo ni halali yako. Lakini kabla hujamnyooshea mtu kidole, kagua kwanza bomba lako mwenyewe, kwa miguu yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Basi katundike sare yako kambani. Kesho utaivaa na unyevu wake."

Asubuhi iliyofuata, sare ikiwa imemganda mgongoni kama samaki, Cheche alisimama kando ya kibao chenye maandishi mekundu. Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika. Aliyekuwa msimamizi alipanda juu ya kreti lile lile. Shati lake lilikuwa na mikunjo.

"Mama huyu," alisema, akakohoa, akaanza upya kwa sauti iliyofika nyuma. "Mama huyu aliandika kweli. Mimi ndiye niliyeandika uongo. Nilimsingizia hapa mbele yenu, na hapa mbele yenu naomba radhi."

Aliteremka. Akatoa ufunguo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akatoa kitabu cha vipimo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akainamisha kichwa na kugeuka ili aondoke.

"Bado," alisema mama.

Mtu yule aligeuka. Mama yake Cheche alikuwa amenyoosha kiganja, akiutazama ule mfuko wa shati jeupe. Mkono wa mwanamume ulipanda taratibu hadi kifuani, ukaichomoa kalamu ya buluu yenye alama za meno, ukaiweka kiganjani mwa mwenyewe.